Viatu Katika Shubaka la 212

Amritsar
11 Februari 1973

Kwa mdogo wangu Avtar,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Kesar Singh. Sisi hatujambo, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kutojambo mwezi huu. Baridi imeanza kulegea. Papadi za dengu nilizoanika juani zinakauka kwa siku mbili badala ya nne, na shemeji yako ameanza tena kupiga miluzi dukani, kwa hiyo mafua yake yamekwisha. Mwambie mumeo Jagat Singh aendeshe teksi taratibu. Mbusu mwanao Rano.

Ama kuhusu Mama. Telegramu uliipata. Alituacha tarehe 27 Januari asubuhi, baada ya kuugua siku chache. Tulimchoma siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi, na majivu tukayapeleka mto Beas. Watu walikuwa wengi, na nusu yao sikuwajua. Walikuwa wale wa nyumba ya viatu pale Hekaluni, Darbar Sahib, waliokaa naye miaka kumi nyuma ya meza ile wakipokea viatu vya mahujaji, kuvifuta vumbi na kuvipanga kwenye mashubaka. Mzee mmoja, nikaambiwa ni jaji mstaafu, alilia kama mtoto. Alisema, "Bibi huyu alinigombeza mbele za watu kwa kufuta kiatu upande mmoja tu."

Hakuacha vitu vingi. Mitandio minne, miwani, kitabu cha sala, na kitambaa chake cha kufutia viatu. Kitambaa nimekichukua mimi. Jumapili iliyopita nilikwenda kuomba nafasi yake pale mezani, wakanipa.

Najua utauliza. Hapakuwa na maneno ya mwisho.

Dada yako,
Basant


Calcutta
2 Machi 1973

Dada Basant,

Shikamoo yangu ikufikie wewe na shemeji. Huku tu wazima. Jagat Singh amegombana na abiria aliyetaka kupakia mbuzi, habari imezunguka mtaa mzima. Rano ana miaka saba sasa na anajua kuandika jina la Mama. Ameliandika ukutani. Sijalifuta.

Telegramu yako ilinikuta na sahani mkononi. Nilikuwa nimeisoma barua yako ya tarehe 14 Januari siku chache tu kabla, na ulisema Mama ana kikohozi kidogo. Dada, kikohozi kidogo kinaua kwa siku ngapi? Treni ni siku mbili tu. Ningekuja nimesimama mlangoni mwa behewa. Sikulaumu, nauliza.

Nakumbuka vitu vidogo. Alivyokuwa akipuliza unga kwenye miwani. Alivyokuja huku Rano alipozaliwa, akakaa sakafuni jikoni kwangu akala chapati zangu tatu kwa achari ya ndimu, akasema samli ya huku haina adabu. Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu.

Nataka kuja wakati wa sikukuu ya Baisakhi. Nataka kukaa alipokaa, nifute viatu hata siku moja. Niambie kama naweza kufikia kwako.

Wako,
Avtar


Amritsar
10 Aprili 1973

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Sisi tupo. Shemeji yako anakuuliza yule mbuzi alipanda au hakupanda.

Barua yako imekaa juu ya kabati mwezi mzima. Nikisema nilikuwa na kazi nyingi nitakuwa nakudanganya.

Baisakhi ni siku tatu zijazo, kwa hiyo hilo limekwisha lenyewe. Hata hivyo isingefaa. Tunapiga plasta ukuta wa mbele na nyumba imejaa vumbi.

Umenikumbusha kwamba Mama alikula chapati zako tatu. Uliniandikia hivyo mwaka 1966 pia, barua ninayo. Sijui kwa nini umeona ni lazima kurudia. Unajua kama ninavyojua kwamba mzazi wa kwetu hali chakula katika nyumba ya binti aliyeolewa. Baba alipofariki, na sisi hatuna kaka, Mama akaja kukaa ghorofani kwangu kwa masharti yake. Miaka kumi alikula Hekaluni, kwenye mikeka ya wote, na alifuta viatu ili asile bure. Maji ya kunywa alibeba kutoka kule kwenye mtungi wake. Nilimwambia, "Mama, kunywa hata maji ya hapa, kisima ni kimoja." Akasema, "Nikinywa maji ya binti, nitamtazama baba yako kwa uso gani?" Shemeji yako akajaribu, "Mama mkwe, basi nihesabu mimi mwanao." Akamjibu, "Mwanangu asingepaka masharubu mafuta mengi hivyo." Tukacheka, na mtungi ukaendelea kubebwa.

Kila asubuhi nilipika chapati moja ya ziada. Kila jioni niliwapa ndege.

Miaka kumi, Avtar. Kwako alikaa wiki sita.

Basant


Calcutta
25 Juni 1973

Dada,

Hatujambo. Mvua imeingia, maji yako magotini, teksi imelala. Mbuzi hakupanda.

Unanionea wivu chapati tatu? Wewe uliyekuwa unamsikia akikohoa ghorofani, akisuka nywele asubuhi, akigombana na paka? Mimi nilimpata kwa barua, na barua zenyewe umeandika wewe, maana yeye hakujua kuandika. Hata sauti yake ilinifikia kwa mwandiko wako. Sijui ni maneno mangapi yalibaki kwenye kalamu.

Nitakuja Diwali. Plasta itakuwa imekauka.

Avtar


Amritsar
20 Septemba 1973

Avtar,

Salamu. Shemeji yako anaumwa mgongo. Diwali wageni mjini ni wengi, huwezi hata kugeuka. Sijasema usije. Nimesema si sasa.

Basant


Amritsar
4 Novemba 1973

Mdogo wangu Avtar,

Natumaini mmekula Diwali salama. Huku taa zilikuwa nzuri kuliko mwaka jana, maji yote ya bwawa yalionekana yanawaka. Mgongo wa shemeji yako umepona siku hiyohiyo, alipoambiwa kuna vitamutamu.

Sina habari nyingi, ila moja ya nyumba ya viatu. Siku ya Diwali tulipokea viatu hadi mashubaka yakajaa, tukavipanga sakafuni. Tulipofunga, kila kibati cha namba tunachompa mwenye viatu kilikuwa kimerudi isipokuwa kimoja. Namba 212. Viatu vya kike, vyeusi, vya kamba ya kifundo, kazi ya mafundi Wachina wa kule Calcutta. Ngozi nzuri. Kisigino cha kushoto kimelika kwa upande wa nje.

Wenzangu wanasema mwenyewe amesahau. Nimewaambia mtu hasahau viatu miguuni pake. Nimevirudisha shubakani.

Huko kwenu baridi imeanza? Una viatu?

Basant


Calcutta
19 Novemba 1973

Dada Basant,

Tu wazima. Rano ameng'oka jino, amelificha ili panya wasiliibe. Jagat Singh ameniambia nikuandikie ukweli, la sivyo ataandika yeye, na unaujua mwandiko wake.

Viatu ni vyangu.

Nilikuja na mahujaji wa hekalu letu la hapa, watu thelathini na wawili katika behewa moja, na ngoma tatu. Tulilala nyumba ya wageni ya Hekalu. Siku tatu nilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka kwako. Siku ya kwanza nilifika mpaka kona ya uchochoro. Niliona papadi kwenye mikeka juu ya paa. Niliona mlango mmeupaka kijani. Plasta mpya sikuiona popote. Nikarudi.

Basi nikauzunguka mji wetu kama mgeni. Wenzangu walitaka kuona kila kitu, nikafuatana nao. Kule Jallianwala, bustani ambamo Waingereza waliua watu, walitia vidole kwenye matundu ya risasi ukutani, nami nikakumbuka Baba alikuwa akitukataza kufanya hivyo. Alisema si mahali pa vidole. Kwa muuza mikate ya tanuri niliagiza wa viazi, akaniuliza, "Dada umetoka mbali? Ndiyo mara ya kwanza kuiona Amritsar?" Nikamjibu ndiyo. Nikala huku machozi yananitoka. Akadhani ni pilipili, akaniongezea mtindi. "Pole, dada, wageni wote wanalia mara ya kwanza."

Muuza maua wa lango la magharibi alikuwa akimsimulia mteja habari za "yule bibi wa viatu" aliyekuwa akimsalimia kila alfajiri kwa jina la mama yake. Nikamwonea wivu muuza maua, Dada. Nimefika huko.

Alasiri ya Diwali, kabla ya taa, nikaja mezani kwako. Nilijifunika mtandio hadi kwenye nyusi, ingawa haikuwa lazima. Mama alituambia tangu zamani kwamba anayefuta viatu hatazami nyuso, asije akavifuta vya tajiri zaidi ya vya maskini. Ulivipokea kwa mikono miwili, ukaniwekea kibati kiganjani. Una mikono ya Mama. Zamani hukuwa nayo.

Nikaingia, nikayazunguka maji. Sikuomba kitu, nilikuwa natayarisha maneno. Niliporudi nikasimama nyuma ya nguzo. Ulikuwa na viatu vyangu mapajani. Ulivifuta kwa kitambaa chake. Kisigino cha kushoto ulikifuta mara mbili. Kisha ukagusa vumbi lake kwa kidole, ukalipaka kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akifanya kwa vumbi la kila hujaji.

Nilitoka Calcutta na hasira ya kunitosha safari nzima, na ilipofika hapo sikuiona tena. Nilichobaki nacho ni wivu. Una nyumba aliyolala, una nafasi yake, una kitambaa, na sasa hata mgongo umeinama kama wake. Ningekuja mbele yako niseme nini? "Nipe viatu vyangu"? Nikaenda pekupeku mpaka Hall Bazaar, nikanunua ndara za mpira. Treni yetu iliondoka kesho yake.

Kibati ninacho. Swali langu pia ninalo, ni lile la Machi.

Avtar


Amritsar
8 Desemba 1973

Avtar,

Salamu zitakuja mwishoni. Jibu la swali lako ni siku kumi na moja.

Nilikujua. Nilikujua viatu vilipogusa meza. Ulipoanguka kutoka ukingo wa paa siku ile ya sikukuu ya Lohri, ulikuwa na miaka sita, tiara ilikuwa yako na uzi nilikuwa nimeushika mimi. Tangu siku hiyo kisigino chako cha kushoto kinalika kwa nje, na tangu siku hiyo Mama alikubeba wewe na kunitazama mimi. Nilifuta kile kisigino mara mbili ili upate muda wa kusema neno. Mimi sikuruhusiwa kutazama juu. Wewe uliruhusiwa kusema.

Sasa nakuambia kuhusu siku kumi na moja.

Barua ya tarehe 14 ilikuwa ya kweli. Kilikuwa kikohozi. Tarehe 16 hakuweza kushuka ngazi. Nikaenda Hekaluni na chombo cha bati, nikamletea dengu na chapati za kule, akala kidogo. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu barabara ilifungwa kwa maandamano, nikachelewa. Niliporudi niliwasha jiko nimpikie shemeji yako, na moshi ukapanda ghorofani. Mama akaita, "Taro! Nasikia harufu ya chapati."

Taro. Jina lako la utotoni. Nikapanda. Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akasema, "Najua ni wewe, Taro. Nipe kipande, njaa inaniuma."

Nilishuka, nikachukua chapati yangu, nimeikanda mimi, nimeipika mimi, na samli yangu. Nikamkatia. Akala, Avtar. Akala nusu nzima, akanywa maji ya nyumbani kwangu kwenye kikombe cha nyumbani kwangu, akanishika kidevu, akasema mtoto huyu anajua kupika.

Kila siku ikawa hivyo. Akiita Taro, naitika Taro. Shemeji yako alisimama mlangoni akaniambia, "Basant, mpigie mdogo wako telegramu." Nikasema kesho. Ungekuja, angekuona wewe. Angekuona wewe, mimi ningerudi kuwa Basant, na Basant hapewi hata heshima ya kumnywesha maji kwa mkono wake. Nilijua utakuja kuniuliza, na nilijua nakuibia. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, na kwa siku kumi kati ya hizo nilikuwa mtoto anayependwa.

Maneno ya mwisho yalikuwepo. Yalianza kwa jina lako, kwa hiyo ni yako. Sijaweza kuyaandika. Usinilazimishe.

Salamu kwa Jagat Singh na Rano.

Basant


Calcutta
2 Januari 1974

Dada Basant,

Sisi hatujambo, nanyi nawaombea vivyo hivyo. Barua yako niliikasirikia wiki mbili. Niliandika majibu matatu, Jagat Singh akayasoma akasema, "Haya yote ni kweli, sasa yachome." Nikayachoma. Hili ni la nne.

Mama hakula chapati zangu.

Wiki sita alizokaa hapa alitembea kila siku kwenda kula kwenye hekalu letu, mwendo wa nusu saa, na miguu yake ile yenye jongo. Siku mvua ilipofunga njia, alitafuna dengu za kukaanga alizokuja nazo kwenye fundo la mtandio. Nilimwekea sahani mara moja. Aliisogeza kwa nyuma ya kiganja, taratibu, kama mtu anayesogeza paka. Nilikuwa na siku tisa tangu nijifungue, nikalia, naye akalia, na sahani ikabaki pale pale.

Nilikuandikia alikula tatu kwa sababu nilijua itakuuma. Nilitaka ikuume kidogo. Wewe ulikuwa naye, nami nilitaka niwe na kitu kimoja usichokuwa nacho. Na Machi iliyopita nikarudia, maana ulikuwa umechukua na kitambaa. Nisamehe kama utaweza.

Lakini fikiri nami, Dada. Kama hakula chapati ya Avtar aliyeolewa, alikula ya Taro yupi? Alikula ya msichana ambaye bado yumo nyumbani kwa baba yake. Chapati hiyo mzazi anaruhusiwa. Wewe uliolewa una miaka kumi na saba, mimi nina tisa. Kuanzia siku hiyo, msichana aliyebaki jikoni kwa Mama alikuwa mmoja tu, na jina lake ni Taro. Akili yake ilirudi nyuma mpaka ikafika kwenye nyumba ambayo anaruhusiwa kula, ikamkuta humo mtoto mmoja. Ningekuja mimi, mwanamke wa miaka thelathini na saba mwenye mume Calcutta, angeisogeza sahani yangu tena.

Nafikiri ni wewe peke yako uliyemlisha. Katika sisi wawili. Nimeumia kuandika sentensi hiyo, kwa hiyo isome vizuri.

Avtar


Amritsar
11 Januari 1974

Kwa mdogo wangu Taro,

Salamu nyingi kutoka nyumba yenye mlango wa kijani. Shemeji yako hajambo. Nimemsomea barua yako kwa sauti, akasema, "Huyu angekuwa mwanamume angekuwa wakili." Ni sifa, anakupenda. Juu ya mapaa wameanza kurusha tiara, Lohri ni kesho kutwa. Leo asubuhi uzi wa mtu umenasa kwenye papadi zetu na nimetukana kama zamani.

Wivu bado ninao, sitakudanganya. Hata yule wa miaka tisa alikuwa wewe. Nimejaribu kuutoa umegoma, basi nimeuacha ukae, kama paka wa Mama.

Lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili, maneno ya mwisho yalinirudia, na safari hii niliyasikia yote. Mwaka mzima nilikuwa nimesikia jina lako tu, nikaacha kusikiliza yaliyofuata. Sasa nayaandika, uvumilie mwandiko.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Nilikuwa nimemkatia chapati, ameitafuna mara mbili. Akakirudisha kipande kwenye sahani, akakifunika kwa kiganja. Akasema, "Taro, usiimalize. Mbakishie dada yako. Anakuja kesho."

Hayo tu. Kisha akageukia ukutani.

Nilikuwa nimekaa pale pale kando yake, Avtar. Alikuwa ananingoja.

Kumbukizi ya mwaka wake ni tarehe 27. Njoo kabla. Usilale nyumba ya wageni, chumba cha ghorofani nimekifagia, mtungi wake nimeujaza. Mlete Rano aandike jina la Mama ukutani kwetu pia, plasta haipo ya kuharibika. Na wewe utakula kwangu mpaka ukatae.

Viatu vyako viko shubakani. Wenzangu wanataka nafasi, nimekataa. Navifuta kila Jumapili. Ila usisahau namba 212. Sheria ya Mama haijabadilika: bila kibati hatutoi viatu, hata kama mwenyewe tunamjua kwa kisigino.

Dada yako,
Basant